Kizimba cha Chini, Karibu na Lango

Levolosi, Arusha
9 Februari 1997

Kwa Shangazi Nalepo,

Shikamoo. Nakuandikia mchana nikiwa nimejilaza, maana leo sikwenda sokoni. Sisi tu wazima. Mume wangu Solomoni bado yuko kwenye karakana ya kuchomelea pale Ngarenaro. Kazi leo zipo, kesho hakuna, lakini hatulali njaa. Baba alishuka kutoka Olkokola wiki iliyopita. Ukame umewakamata vibaya, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na yule ng'ombe mwekundu uliyempenda ameanguka. Aliniuliza kama Singida kuna mvua. Nikamwambia nijuavyo mimi, Singida ndiko ukame ulikojenga nyumba. Akacheka kidogo. Anakusalimu sana wewe, na kaka Lesian na wanawe huko.

Shangazi, jambo lenyewe ni kizimba chako. Tangu uhamie huko kwa mwanao Lesian nimekuwa nikiuza palepale ulipouza wewe: vifungo, nyuzi, zipu na lastiki. Mwanzoni watu waliniita "wa Nalepo" na yakaisha. Siku hizi hayaishi. Kila anayepita ananitazama miguu kwanza. Wanasema vizimba vya chini ni vya walemavu, na mimi nimerithishwa cha shangazi yangu kama shamba.

Juzi Aminiel alikuja na baiskeli yake ya kuendesha kwa mikono, akaiegesha mbele yangu, wenzake wa kamati nyuma yake.

"Nashipae," akasema, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Ila hapa ni pa mlemavu. Wewe ulemavu wako ni upi?"

Nikamwambia siwezi kupanda zile ngazi za kwenda vizimba vya juu.

"Kwa nini?"

"Siwezi tu."

Mpagazi mmoja akaangua kicheko. "Hata mimi siwezi kulima. Uvivu tu!" Wote wakacheka, na Aminiel naye akacheka kidogo, nadhani kwa sababu hakujua la kufanya.

Wewe na Aminiel mlikianzisha chama cha walemavu wa soko pamoja. Neno lako analisikiliza. Naomba umwandikie aniache hapa. Usiniulize mengi, shangazi. Mwambie tu.

Mwanao,
Nashipae


Singida
27 Machi 1997

Mwanangu Nashipae,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni, sijui ililala wapi. Hapa hatujambo. Lesian anafundisha, mshahara unakuja unapotaka. Mimi nashinda na wajukuu, nawashonea kaptula. Mabega yananiuma kidogo, nadhani ni upepo wa huku. Mpe baba yako pole ya ng'ombe. Mwambie asiuze waliobaki kwa hasira.

Sasa hilo la kizimba. Nikuambie ukweli, limenichosha kabla sijamaliza kulisoma.

Wewe hulikumbuka soko la zamani. Nilikuwa nashuka ngazi zile kwa makalio, magongo nimeyatanguliza mbele, mvua inanyesha, na watu wananiruka kama gunia la viazi. Haja ndogo niliizuia mpaka nirudi nyumbani, maana choo kilikuwa cha kuchuchumaa na mimi sina mguu wa kuchuchumaa. Tulipokwenda manispaa tulikaa barazani mwao, mimi na Aminiel na wengine ambao sasa ni marehemu, mpaka wakachoka kutuona. Ndipo tukapewa vile vizimba vya tambarare karibu na lango, na kile choo kipana chenye chuma cha kushikilia. Vichache tu.

Na hujui jinsi wazima walivyovitamani. Watu wamepunguzwa kazini, viwanda vimeuzwa, kila mtu siku hizi anatafuta pa kutandaza bidhaa. Mmoja alikuja amefunga bandeji mguuni. Tulipoifungua, mguu ulikuwa mzuri kuliko wa bibi harusi. Ndiyo maana Aminiel anauliza. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza.

Nilikuachia kizimba umalize mali yangu. Sikukuachia ukae. Yuko Fransiska, yule mwenye gongo moja na watoto, anauza vitunguu juani nje ya lango. Nafasi ile ilikuwa yake tangu siku niliyoondoka.

Ulipokuwa mtoto uliugua maungo, nakumbuka. Nilikukanda mimi kwa mafuta ya kondoo, ukilia usiku kucha. Lakini ulipona, ukaolewa, ukanenepa. Kama kuna jambo hukuniambia, niambie. Kama hakuna, mwanangu, panda juu.

Shangazi yako,
Nalepo


Levolosi
18 Mei 1997

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha kiasi, baba amepanda maharage. Solomoni hajambo. Mama mkwe alikuja Jumapili na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaniuliza tena habari za mjukuu. Nikacheka naye, akaenda zake.

Nimepanda juu. Fransiska yuko chini, na nilimsaidia kupanga vitunguu vyake siku ya kwanza ili watu wasiseme nimenuna.

Nikueleze moja tu, nisije nikaonekana nalalamika. Choo cha juu ni cha kuchuchumaa. Nikashuka nikaenda kwenye kile kipana. Mlangoni siku hizi yuko Eunike, anakusanya hela za choo. Nikamwomba anifungulie.

"Huku ni kwa wasiojiweza," akasema.

"Najua. Naomba."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka chini, polepole, kama anayepima kitambaa. "Miguu hiyo imebeba mwili wote huo, ishindwe kuchuchumaa?"

Foleni nzima ikacheka, wanaume kwa wanawake. Nikarudi juu. Siku hizi nikiwa sokoni sinywi maji.

Uliniuliza kama kuna jambo. Sina la kukuambia.

Nashipae


Singida
3 Agosti 1997

Mwanangu Nashipae,

Sisi wazima, mtama umetoka kidogo. Wajukuu walipata surua, wamepona. Nilikuandikia mwezi wa sita, hukujibu; labda barua ilipotea. Nilikuuliza humo kwa nini huwezi kuchuchumaa. Mtu wa umri wako, asiye na kovu wala kilema.

Lesian anasema huenda nilikuwa mkali. Nimemwambia sikuwa mkali, nilikuwa mkweli. Hata hivyo, nijibu.

Shangazi


Singida
12 Oktoba 1997

Nashipae,

Bado hujaandika. Nimemwuliza baba yako kupitia dereva wa lori la chumvi, akasema "hajambo, ila amekonda." Amekonda kwa nini? Sikulala vizuri baada ya salamu hizo.

Mabega yale yale. Niandikie hata mistari miwili.

Nalepo


Levolosi
30 Novemba 1997

Shangazi Nalepo,

Shikamoo. Mvua za mwaka huu sijapata kuziona. Zinanyesha usiku na mchana, mlima hatujauona tangu mwezi uliopita, na daraja la kwenda kwa baba limeondoka na maji. Solomoni anaziba paa letu kwa vipande vya bati anavyookota karakanani. Pole kwa kukuweka roho juu. Barua zako zote zilifika, hata ile ya mwezi wa sita. Mimi ndiye sikujibu.

Nilianguka sokoni. Nilikuwa napanda na furushi la zipu, si zito, ngazi zina matope, na katikati pumzi ikakatika. Nikakaa. Nikajaribu kusimama, macho yakaingia giza, nikaserereka mpaka kwenye kona ya ngazi. Nilikuwa nasikia kila kitu. Mtu akasema, "Mwacheni huyo, anaigiza. Anataka arudishiwe kizimba." Wakanipita. Mwingine akanivuka, na tone la maji kutoka kwenye koti lake likaniangukia mdomoni.

Aliyenipigania ni Aminiel. Alikuwa chini, baiskeli yake haipandi ngazi, nami nilimwona kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaanza kupiga kengele ya baiskeli bila kuacha na kuwatukana wapagazi matusi ambayo sikujua anayajua. "Mtoeni! Mbwa nyie, mtoeni!" Wakanibeba mpaka chini. Fransiska akanitandikia magunia ya vitunguu na kunishika kichwa hadi teksi ilipokuja.

Sasa nakuambia ulichoniuliza. Yale maungo uliyonikanda hayakupona, yalihama tu. Yalipanda moyoni. Mwaka ule nilioolewa nilikwenda kwa daktari Moshi, akaniambia mlango mmoja wa moyo umeharibika, haufungi, damu inarudi nyuma. Kila mwezi nachomwa sindano. Nameza vidonge vya kukojoza, ndiyo maana natafuta choo mara kwa mara, na nikichuchumaa kusimama kunanishinda. Mwili mnaousifia kwamba nimenenepa, mwingine ni maji. Sasa wameyapunguza, ndiyo maana baba anaona nimekonda.

Na daktari aliniambia nisibebe mimba. Alisema moyo huu hautafika nayo mwisho.

Hilo Solomoni halijui. Anajua nachomwa sindano "za maungo." Mama yake ana mwana mmoja tu, shangazi, na unajua macho anayonitazama nayo tumboni. Kama ningeutaja ugonjwa wangu mbele ya Aminiel na wapagazi wale, ungefika Olkokola kwa mama mkwe kabla sijafunga kizimba. Siku ya pili wangeanza kumtafutia mke mwingine.

Wewe mguu wako ulikusemea, hukuhitaji kufungua mdomo. Mimi niliambiwa niuze siri yangu sokoni ndipo nipewe pa kukaa. Nikaona afadhali ngazi.

Sikutaka kuonewa huruma. Nilitaka nikae, niuze zipu, nirudi nyumbani nikiwa bado na pumzi ya kupika. Nimechoka. Hata kuandika haya nimepumzika mara kadhaa.

Nashipae


Singida
14 Januari 1998

Mwanangu,

Barua yako imefika jana. Barabara ya Babati imekatika, magari yamelala njiani. Nimeisoma vipande vipande. Nikisoma kidogo naikunja, naiweka chini ya mto, naichukua tena. Lesian amenikuta nalia akadhani baba yako amefariki.

Nilikukanda kwa mafuta ya kondoo nikaona imetosha. Mtoto akiacha kulia tunasema amepona.

Nikueleze na langu, kwa kuwa umenieleza lako. Mabega haya si upepo. Daktari wa hapa anasema mikono imechoka kufanya kazi ya miguu miaka yote hii. Gongo la kulia sasa haliinuki. Ndani ya nyumba natambaa, kama kabla ya kujifunza magongo, na wajukuu wanafikiri nacheza nao. Ningekuandikia mapema, ila niliona nikisema nitakuwa nimekubali.

Juzi hospitalini nilikalishwa kwenye kiti, nimejifunga khanga miguuni, magongo Lesian ameyaegesha mlangoni. Muuguzi akanifokea, "Mama, wewe uko sawa, wapishe wagonjwa." Nikamwonyesha miguu. Akaomba radhi sana. Nimekuwa nikiwaza tangu jana: wewe ungemwonyesha nini?

Sikiliza. Usimwambie mtu yeyote ugonjwa wako kwa ajili ya kizimba. Mtu yeyote. Nitakuja mwenyewe barabara ikifunguka, hata kama Lesian atanibeba mgongoni. Aminiel ataongea na mimi.

La mumeo ni lako na yeye, siwezi kuliingilia. Ila asije akalisikia kwa mwingine.

Shangazi yako,
Nalepo


Levolosi
21 Juni 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mlirudi Singida salama, ingawa gari liliharibika. Kaka Lesian mpe pole ya mgongo. Baba amevuna maharage mengi mpaka hana pa kuyaweka, na bei imeanguka, kwa hiyo ananung'unika kama kawaida. Baridi ya huku imeanza. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mabati.

Ulipokuwa unaongea sokoni ulikuwa umetazamana na Aminiel, hukuwaona waliokuwa nyuma yako. Nikusimulie. Wapagazi walikuja wakitegemea kuchekeshwa. Ulipowaambia, "Mimi nilipopewa kizimba hakuna aliyeniuliza kitu, nilitazamwa miguu tu," walikuwa bado wanatafuna miwa. Uliposema, "Huyu nimemlea. Ugonjwa wake naujua na sitautaja. Anayetaka kuujua aanze yeye kututajia wa kwake," wakaacha kutafuna. Yule aliyesema habari za uvivu akatazama chini, na nimeambiwa baadaye kwamba ana kifafa. Hakuna aliyekuwa akijua mpaka mkewe alipomnong'oneza Fransiska.

Eunike alikuwa mlangoni mwa choo. Hajaniomba radhi wala sitegemei. Lakini nikija anafungua kabla sijafika.

Aminiel alipouliza, "Na Fransiska je, tumtoe?" niliona aibu kwa sababu hata mimi nilikuwa nimemsahau. Jibu lako bado wanalirudia hapa: "Akae naye. Kizimba kile kipana, mimi nilikuwa nalala humo mchana na nyie mnadhani nahesabu vifungo."

Kwa hiyo tuko wawili. Usidhani ni raha. Lastiki zangu zinanuka vitunguu, wateja wanalalamika. Fransiska anaongea tangu asubuhi hadi jioni, na tumegombania kivuli mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini mikono yake ina nguvu, ananifungia ule mlango wa bati, nami namchotea maji pale bombani. Kuna wanaopita bado wakisema, "Yule mwenye gongo sawa, na huyu mwingine je?" Fransiska anawajibu yeye. Mimi sina tena pumzi ya kujibu.

Solomoni nilimwambia Jumapili iliyofuata baada ya wewe kuondoka, tukitoka kanisani. Nilichagua njiani kwa sababu nyumbani ningeogopa. Alisimama.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka tuliooana."

Alinifikisha nyumbani, akatoka, akarudi jioni na nyama iliyofungwa kwenye gazeti, akaipika mwenyewe. Asubuhi akiwa anavaa viatu akasema, "Mama nitamwambia mimi. Wewe usiende." Akaenda Olkokola, akarudi macho mekundu.

Mama mkwe hajaja kwetu tangu siku hiyo. Nimesikia anawaambia watu kwamba mwanawe aliuziwa ng'ombe mgonjwa. Solomoni anasema yatapita. Mimi sijui. Nikimwuliza kama anajuta anasema mtu hawezi kujuta kila siku, kuna kazi. Usiku nikikosa pumzi ananiinua kwa mito. Naona ndilo jibu lake, shangazi, na kwa sasa nimelipokea hivyo.

Jumanne nilikwenda kwenye sindano yangu. Pale kliniki wameweka benchi moja karibu na mlango kwa wasioweza kusimama kwenye foleni. Nilikuta kijana ameketi katikati yake, shati limenyooshwa, mabega mapana, viatu vinang'aa. Kina mama waliosimama walikuwa wanamsema kwa sauti ili asikie. "Vijana wa siku hizi! Mzima kama trekta." Mmoja akanigusa mkono: "Dada, wewe unaonekana umechoka, mwambie akupishe."

Nitakuambia ukweli. Na mimi nilikuwa nimeshamtazama miguu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, lile lile la Aminiel: wewe ulemavu wako ni upi?

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, anangoja nianze.

Nikamwambia, "Naomba nafasi kidogo."

Akasogea. Nikakaa. Kina mama wakaendelea kuguna, kisha wakageukia habari za bei ya sukari. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye na mimi, mpaka muuguzi alipotoka kuita majina, na hatukuulizana kitu.

Salamu kwa wote.

Mwanao,
Nashipae